REHANI: MAANA YA NENO NA ASILI YAKE

Kila mwaka, karo za shule zinapodaiwa mwezi wa Januari, na mbegu na mbolea zinapohitajiwa mwezi wa Machi, neno rehani husikika sana katika soko la Kimilili na katika vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mtu mmoja husema kwamba ameweka hati ya shamba lake rehani katika benki huko Bungoma. Wa pili husema kwamba amemweka ng'ombe wake rehani kwa mfanya biashara. Wa tatu husema kwamba ameweka ekari moja rehani kwa jirani yake, mpaka atakapopata fedha za kumrudishia.

Watu hao watatu hutumia neno moja, lakini mambo waliyoyafanya si mamoja. Wa kwanza aweza kunyang'anywa shamba lote kwa njia ya sheria, na kwa njia hiyo hiyo ya sheria analo kinga. Wa pili hana hakika kama ng'ombe angali wake au la. Wa tatu aweza kukuta baada ya miaka michache kwamba amekwisha kulipa deni lake kwa mavuno, na bado anadaiwa fedha zote. Kwa hiyo yafaa neno hili lielezwe, lilikotoka na linavyotumika leo, kwa kuwa mtu asiyejua maana ya neno analotia sahihi chini yake huenda akapoteza mali ya watoto wake.

NENO LILIKOTOKA

Rehani ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kwa Kiarabu hutamkwa rahn, na maana yake ni kitu kinachozuiliwa au kushikwa mpaka jambo fulani litimizwe. Limo katika Korani, Sura ya pili, aya ya 283, ambapo yaelezwa kwamba watu walio safarini, wasipopata mwandishi wa kuwaandikia deni lao, waweza kutumia rehani inayoshikwa mkononi. Toka zamani, basi, rehani imekuwa ni badala ya maandishi na ushahidi, ni kitu kinachosema, "Fulani anadaiwa."

Wafanya biashara wa pwani walilipokea neno hili pamoja na maneno mengine ya hesabu na mali, kama vile faida, hasara, riba, amana na dhamana. Likaingia katika Kiswahili, likafuata njia za misafara kwenda bara. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilitumia pia. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imekatazwa kumtwalia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, maana kufanya hivyo ni kuutwaa uhai wake. Na katika Kutoka, sura ya 22, aliyeshika vazi la maskini kuwa rehani ameagizwa kumrudishia kabla ya jua kuchwa, kwa sababu hana kingine cha kujifunika usiku. Yaonekana kwamba tangu kale watu walitambua hatari iliyomo katika jambo hili: kitu ambacho maskini aweza kukitoa kuwa rehani mara nyingi ndicho hicho kinachompa riziki.

Neno hili lisichanganywe na mrehani, yaani ule mmea wenye majani ya kunukia. Hilo latokana na neno jingine la Kiarabu, raihan, wala halina uhusiano na fedha.

Tena lisichanganywe na majirani zake wawili. Amana ni kitu ulichompa mtu akutunzie tu, wala hakuna deni kati yenu. Katika nchi nyingi za wafugaji ilikuwa desturi mtu kuwagawanya ng'ombe wake kwa rafiki mbalimbali, ili maradhi au wezi wakiingia boma moja wasimalize kundi lote. Rafiki alikunywa maziwa, lakini ng'ombe hawakuwa wake. Hiyo ni amana. Dhamana ni ahadi ya kusimama badala ya mtu mwingine au kulihakikisha neno lake. Mdhamini wa mshtakiwa mahakamani, au mdhamini wa mkopo katika chama cha akiba na mikopo, ameweka dhamana. Rehani ni kitu chenyewe kilichofungwa na deni. Siku hizi watu wengi, hata katika mabenki, husema dhamana wanapokusudia rehani, na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Mwenye kutoa kitu huitwa mweka rehani, na anayekishika ni mpokea rehani. Kitendo cha kulipa deni na kukirudisha kitu huitwa kukomboa. Neno hili la kukomboa lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

WAKATI WATU WALIPOWEKWA REHANI

Zamani hazikuwekwa vyombo na mashamba tu. Katika miaka ya 1880, njaa kali ilipoikumba nchi iliyo nyuma ya Mombasa, watu wa Mijikenda walipungukiwa na nafaka, na baadhi yao wakawapeleka jamaa zao mjini kuwa rehani kwa wale waliokuwa na chakula. Mtu aliyewekwa hivyo alifanya kazi katika nyumba au shamba la mpokea rehani, na jamaa zake wakapewa nafaka.

Kwa desturi, mtu wa rehani hakuwa mtumwa. Alikuwa na jamaa zake waliojulikana, nao walikuwa na haki ya kuja kumkomboa siku watakapopata mali. Lakini deni lisipolipwa, au mpokea rehani alipokuwa mdanganyifu, mtu huyo aliweza kuhesabiwa kuwa mtumwa, akauzwa mbali, na jamaa zake walipokuja na mali ya kumkomboa wasimwone. Ndiyo sababu katika Kiswahili neno la kukomboa hutumika kwa mateka na mtumwa kama linavyotumika kwa kitu kilichowekwa kwa ajili ya deni. Mambo hayo yalitendeka pamoja.

Desturi hiyo imekwisha, lakini yatoa fundisho moja linalofaa mpaka leo. Haki ya kukomboa ndiyo moyo wa rehani. Mahali ambapo hakuna haki ya kukomboa, hakuna rehani. Pana mauzo, au pana unyang'anyi.

MAUZO YALIYOKUWA REHANI

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na vile vile huko Oman, palikuwapo namna nyingine ya mapatano. Sheria ya Kiislamu imekataza riba. Lakini mwenye shamba la mikarafuu alihitaji fedha kabla ya mavuno, na mwenye fedha hakutaka kukopesha bure. Basi yalitumika mapatano yaliyoitwa bei khiyari, yaani mauzo yenye hiari ya kurudisha. Mwenye shamba aliandika kwamba amemwuzia mwenye fedha shamba lake, kwa sharti kwamba akirudisha bei ile katika muda uliowekwa, shamba litamrudia. Mara nyingi aliendelea kukaa shambani mwake, akamlipa yule "mnunuzi" kodi kila mwaka. Kodi hiyo ilisimama mahali pa riba.

Kwa maandishi, jambo hilo lilikuwa mauzo. Kwa kweli, lilikuwa rehani. Muda ukipita bila kulipa, hati ilimwelekea mwenye fedha. Katika miaka ya 1930 bei za mazao ziliposhuka duniani kote, wenye mashamba wengi wa Zanzibar walijikuta wamefungwa na madeni wasiyoweza kuyalipa. Mwaka 1934 Serikali ya huko ilitunga sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe ovyo kwa sababu ya madeni, na mwaka 1938 ikatunga sheria nyingine ya kuwakinga wadeni wenye ardhi.

Mtu wa Kimilili aweza kuuliza, "Mambo ya karafuu yanatuhusu nini?" Yanahusu sana. Siku hizi wako wakopeshaji wa binafsi ambao humtaka mkopaji atie sahihi hati ya kuuza shamba, gari au pikipiki, huku wakimwambia kwa mdomo kwamba hiyo ni rehani tu na kwamba hati itachanwa atakapolipa. Hiyo ni bei khiyari bila ile hiari. Karatasi yasema ameuza, na neno la kurudishiwa limebaki hewani. Siku ya ugomvi, mahakama itaanza kwa kusoma karatasi.

Wakopeshaji wa namna hiyo katika Kenya huitwa mashailoki. Jina hilo latokana na Shylock, mkopeshaji aliyemo katika mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mabepari wa Venisi, ukachapishwa mwaka 1969. Katika mchezo huo mdeni alikubali kwamba asipolipa kwa siku iliyowekwa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Alitia sahihi kwa sababu aliamini kwamba meli zake zitarudi mapema na deni litalipwa bila shida. Wadeni wengi hutia sahihi kwa imani hiyo hiyo. Mmoja hutegemea meli, mwingine hutegemea mahindi.

REHANI HAI NA REHANI MFU

Waingereza nao wana neno lao la rehani ya ardhi, "mortgage," walilolipata kutoka Kifaransa cha zamani. Maana yake, neno kwa neno, ni rehani mfu. Kwa nini kitu kama shamba, kinachotoa mavuno kila mwaka, kiitwe mfu?

Kitabu cha sheria cha Uingereza kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 12, ambacho hutajwa kwa jina la Glanvill, kilieleza hivi. Mkopeshaji akishika shamba la mdeni, na mavuno ya shamba hilo yakahesabiwa kuwa malipo ya deni, kidogo kidogo mpaka liishe, hiyo ni rehani iliyo hai, maana inafanya kazi kwa faida ya mdeni. Lakini mkopeshaji akila mavuno yote, na deni likabaki lile lile bila kupungua, hiyo ni rehani mfu. Miaka mia tatu baadaye, mwanasheria Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, alitoa maelezo mengine: mdeni asipolipa kwa siku iliyowekwa, shamba limekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Maelezo ya Littleton ndiyo yaliyoenea zaidi, lakini yale ya Glanvill ndiyo yanayomfaa zaidi mkulima wa Kimilili.

Chukua mfano. Mtu amekopa shilingi 40,000 kwa jirani yake ili alipe karo. Hakutakiwa kutoa riba. Alimpa jirani ekari moja ailime mpaka deni litakaporudishwa. Miaka mitatu imepita. Ikiwa ekari kama hiyo hukodishwa kwa shilingi 12,000 kwa mwaka, jirani amepata matumizi ya shamba yenye thamani ya shilingi 36,000. Kama rehani yao ni hai, deni lililobaki ni shilingi 4,000. Kama ni mfu, deni lingali shilingi 40,000 kamili, na mwaka ujao jirani atalima tena.

Hesabu hizo ni za mfano tu, lakini mapatano ya namna hiyo ni ya kawaida vijijini, na mara nyingi hayakuandikwa. Wawili hao walikubaliana kwa kuaminiana. Mmoja moyoni mwake alifikiri rehani ni hai, na mwingine alifikiri ni mfu. Ugomvi huzuka wakati mmoja wao amefariki, na watoto hawajui wazee walisema nini. Swali lenyewe ni fupi: mavuno yanapunguza deni au hayapunguzi? Likiulizwa siku ya kwanza, na jibu likaandikwa mbele ya mashahidi, ujirani utahifadhika.

HATI YA SHAMBA KITALE NA KIMILILI

Katika nchi ya Kitale na Kimilili, rehani ya ardhi kwa benki ina historia inayoonyesha kwa nini hati ni kitu chenye nguvu na chenye hatari pia. Wakati wa utawala wa kikoloni, Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mlowezi alikuwa na hati, na kwa hati hiyo aliweza kukopa fedha za kununua plau, mbegu na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Serikali ilianzisha Benki ya Ardhi na Kilimo ili kuwakopesha wakulima hao kwa rehani ya mashamba yao. Bei ya mahindi ilipoanguka katika miaka hiyo, wengi wao walilemewa na madeni.

Kimilili, ambayo haiko mbali, ilikuwa katika ardhi iliyotengewa Waafrika. Huko mtu alikuwa na shamba lake, na ukoo ulilijua, lakini hakuwa na hati ya jina lake. Kwa kuwa hakuwa na hati, hakuweza kuliweka shamba rehani katika benki. Tena sheria ya mwaka 1948 iliwekea mpaka mikopo ambayo Mwafrika aliweza kupewa na wafanya biashara na kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo mkulima wa upande mmoja alikuwa na hatari ya kupoteza shamba kwa deni, na mkulima wa upande wa pili hakuwa na njia ya kupata mtaji.

Mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ujulikanao kwa jina la R. J. M. Swynnerton, ulishauri kwamba mashamba ya Waafrika yapimwe na kuandikishwa. Moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa hiyo hiyo: mkulima mwenye hati aweza kuitumia kupata mkopo. Sheria ya kuandikisha ardhi ilitungwa mwaka 1959, na nyingine mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Mwaka huo huo Shirika la Fedha za Kilimo, lijulikanalo kwa herufi AFC, lilianzishwa, na mwaka 1969 likachukua kazi za ile Benki ya Ardhi.

Baada ya uhuru, baadhi ya mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa kwa Waafrika. Katika sehemu za Tongaren na Ndalu, mashariki ya Kimilili, watu walipewa viwanja katika mipango ya makazi kwa mkopo wa Serikali. Kwao rehani ilikuwa ni shamba lile lile walilopewa. Hati kamili ilingoja deni limalizwe. Hivyo familia nyingi za huko zilianza maisha yao ya ukulima zikiwa tayari na deni juu ya ardhi, na wako waliochukua miaka mingi kulimaliza.

SHERIA ISEMAVYO LEO

Rehani ya ardhi katika Kenya sasa hufuata Sheria ya Ardhi na Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, zote mbili za mwaka 2012. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuweka rehani si kuuza. Shamba hubaki mali ya mweka rehani. Mkopeshaji hupata haki ya kulitumia shamba kujilipa ikiwa deni halikulipwa, wala hapati zaidi ya hiyo. Haki ya kukomboa hudumu mpaka pale shamba litakapokuwa limeuzwa kwa njia halali.

Jambo la pili ni ridhaa ya nyumbani. Ikiwa pahali panapowekwa rehani ndipo makazi ya mume na mke, rehani haina nguvu mpaka mwenzi naye ametia sahihi au amekubali. Mume hawezi kwenda Bungoma peke yake kimya kimya akaweka rehani nyumba anamolala mkewe na watoto. Vile vile mke hawezi kufanya hivyo bila mume.

Jambo la tatu ni idhini ya bodi ya ardhi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo lililo katika eneo la usimamizi haliwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya bodi, na ombi hupaswa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa. Bodi ipo ili jamaa wapate nafasi ya kusema neno lao kabla mambo hayajaharibika.

Jambo la nne ni utaratibu wa kudai. Deni likishindwa kulipwa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpelekea mdeni barua ya ilani. Barua hiyo lazima ieleze kosa ni nini, fedha zinazotakiwa ni kiasi gani, na impe mdeni muda usiopungua miezi mitatu kulipa. Muda huo ukiisha bila malipo, mkopeshaji akitaka kuuza, hutoa ilani ya pili ya kuuza, isiyopungua siku 40, na nakala yake hupelekwa kwa mwenzi wa ndoa na kwa wadhamini. Kisha dalali naye, kwa kanuni za kazi yake, hutoa ilani ya siku 45 kabla ya mnada. Shamba lazima lithaminiwe kwanza, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei iliyo bora. Likiuzwa kwa bei iliyo chini mno ya bei ya soko, mdeni aweza kwenda mahakamani.

Taabu ni kwamba watu wengi wanapopata barua ya kwanza huificha chini ya godoro. Huona haya, au hutumaini mavuno. Miezi mitatu hupita, siku 40 hupita, na familia hupata habari siku dalali anapobandika tangazo. Lakini miezi ile ndiyo iliyowekwa na sheria kwa faida ya mdeni. Ndani yake aweza kwenda kwa mkopeshaji kuomba malipo yapangwe upya. Aweza kuuza sehemu ya shamba mwenyewe, kwa idhini, kwa bei nzuri kuliko ya mnada. Aweza kuwaita jamaa wachange. Barua iliyofichwa haimsaidii mtu.

Jambo la tano lahusu wale wanaochukua hati ya mtu na kuifungia sandukuni bila kuandikisha lo lote. Kushika hati tu hakumpi mkopeshaji haki ya kuuza shamba wala kuliingia. Lazima aende mahakamani kwanza.

Jambo la sita ni riba. Sheria ya Mabenki ya Kenya imeweka kanuni kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba ambayo benki yaweza kudai tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni la asili lililokuwa limebaki. Mtu aliyebakiwa na shilingi 100,000 za mkopo wa benki mkopo ulipoanguka, hawezi kudaiwa riba ya shilingi 300,000 juu yake.

REHANI ISIYO ARDHI

Si lazima kila rehani iwe shamba. Kwa Sheria ya mwaka 2017 ihusuyo mali inayohamishika, ng'ombe, mashine, gari, bidhaa na hata mazao yaliyo shambani yaweza kuwekwa rehani, na rehani hiyo huandikwa katika daftari la Serikali ambalo kila mtu aweza kulitazama. Hivyo yule mtu aliyemweka ng'ombe wake rehani kwa mfanya biashara anaweza kuwa na ng'ombe zizini mwake, akamkama kila siku, ilhali maandishi yaonyesha kwamba amefungwa na deni. Anayemnunua ng'ombe au trekta yafaa aulize kwanza.

Tena, kwa Sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala, mkulima aweza kupeleka mahindi makavu katika ghala lililoidhinishwa, akapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo akaiweka rehani kwa benki. Njia hii ina faida kubwa kwa watu wa Kitale na Bungoma. Wengi hulazimika kuuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini, kwa sababu wanadaiwa. Mwenye stakabadhi hukopa kwa mahindi yenyewe na kungoja bei ipande. Akishindwa kulipa, atapoteza magunia, shamba litabaki.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kutia sahihi au kidole, mtu ye yote aulize maswali haya. Karatasi hii ni ya rehani au ya mauzo? Ikiwa mkopeshaji atalima, mavuno yatapunguza deni au hayatapunguza? Riba ni ngapi kwa mwaka, na nikichelewa itaongezwa vipi? Mwenzangu wa ndoa amesoma na kukubali? Bodi ya ardhi imetoa idhini? Nitakomboaje, na kwa siku ipi? Ajibiwe kwa maandishi, naye aweke nakala yake. Asiyejua kusoma amchukue mtu anayemwamini, wala si mtu aliyeletwa na mkopeshaji.

Wazee walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wenyewe si adui, kwa maana mashamba mengi mazuri ya Kimilili yamepata mbegu, mbolea na ng'ombe wa maziwa kwa fedha zilizokopwa. Lakini aliyekopa shilingi ya mbegu kwa rehani ya shamba akainunulia ngoma na pombe, ameuza shamba lake siku hiyo, ijapokuwa dalali atachelewa kuja.

Mwisho, yafaa ijulikane kwamba rehani haiishi kwa kulipa tu. Shilingi ya mwisho ikilipwa, mkopeshaji hupaswa kutoa hati ya kuiondoa rehani, na hati hiyo lazima ipelekwe katika Ofisi ya Ardhi iandikishwe. Wako watu waliomaliza deni, wakarudishiwa hati ya shamba, wakafurahi na kwenda nyumbani. Na watoto wao walipotaka kugawana urithi, daftari la Serikali lilikuwa bado linaonyesha rehani ya benki. Deni lilikuwa limelipwa, lakini shamba halijakombolewa. Aliyelipa na asome daftari kwa macho yake mwenyewe, ahakikishe kwamba jina la mkopeshaji limefutwa. Hapo ndipo aweza kusema kwa haki kwamba amekomboa.